Bati Juu ya Mlango Wetu

Elisabethville, mwisho wa kiangazi, 1961

Baba yangu,

Tangu utoke na baiskeli kwenda kututafutia nafasi katika kambi ya wakimbizi, hujarudi. Nakuandikia kwa utaratibu, kama ulivyonizoesha, nikianza na mwanzo.

Unaikumbuka picha ya ile kalenda ya misheni? Nyumba ndogo ya mbao, alimozaliwa rais mmoja wa Amerika. Mmisionari alikueleza kwamba hakuna anayeruhusiwa kuibomoa: kitanda kimetandikwa mpaka leo, birika liko juu ya jiko, na watu hutoka mbali ili wasimame tu mlangoni na kuvua kofia. Mama, alipokuwa hai, alicheka. "Kanyumba kale? Hata kuku yetu iko na nyumba muzuri kuliko ile."

Wewe hukucheka. Ulikata kipande cha bati, ukatoboa herufi kwa msumari, ukakipigilia juu ya mlango: Tshibola alizaliwa humu.

Jirani yetu Mama Kalenga akakutania. "Baba Tshibola, mutoto mwanamuke atakuwa prezida ya wapi?"

"Ngoja tu. Siku bageni bakikuja kuangalia, ni weye utabauzishia maji."

Nilikuwa mdogo. Nilipokwenda shule nilipita chini ya jina langu polepole, ili wenzangu walione.

Halafu Katanga ikatangazwa kuwa nchi peke yake, na sisi watu wa Kasai tukawa wageni. Vijana wakaanza kupita mlango kwa mlango wakiuliza, "Kwenu ni wapi?" Kwetu hawakuuliza. Jina kama langu linajulikana limetoka wapi. Mama Kalenga akaja, safari hii bila utani. "Baba Tshibola, toa ile bati."

"Ile bati inasema mutoto alizaliwa hapa. Banaweza kumufukuza muntu pa fasi alizaliwa?"

"Bale bavijana banasoma jina," alisema, "na pale banaachia. Ile ingine habasome."

Hukulitoa. Nami sikukusihi. Mume wangu alikuwa amekwisha kutangulia Kasai kwa treni, tumbo langu limekuwa zito, na wewe ulisema mjukuu wako atazaliwa katika chumba kile kile.

Jana niliiona baiskeli yako, yenye kiti ulichokishonea ngozi. Kijana nisiyemfahamu alikuwa akiiendesha taratibu, hana haraka yoyote.

Leo mchana mtu na mke wake wamekuja, wamevaa nguo za kanisani. Walinisalimia vizuri. Mwanamke alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Mwanamume aliangalia juu.

"Paa iko inavuja?"

"Upande wa jikoni, kidogo."

Alirudi mlangoni, akasoma bati. "Tshibola ni nani?"

"Ni mimi."

"Ah, bon. Usijisumbue kuitoa, mama. Tutaitoa sisi benyewe."

Mke wake alilitazama tumbo langu. "Ni ya mwezi huu?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Wakatazamana, wakaaga.

Uchungu ulianza walipotoka. Ningeweza kuzaa humu, kama ulivyotaka. Lakini hawa wawili watarudi, na sitaki wanikute nimelala na mtoto mikononi. Lori linalopeleka watu wetu kambini litapita kabla ya giza. Nimeamua kupanda. Mama Kalenga ananifungia nguo.

Barua hii inabaki kwake. Ukirudi, usiingie nyumbani. Pitia kwake kwanza.

Jambo moja ningetaka kukuuliza, Baba, na hupo. Kitovu changu mlikizika nyuma ya jiko, kwa sababu hapa ndipo palikuwa kwetu. Cha huyu nitakizika wapi? Kule ni mahema, na hakuna anayejua watatuacha tukae huko mpaka lini. Nimechana kipande cha shuka la Mama. Kitovu chake nitakifunga humo, nitembee nacho.

Nakuaga nikiwa bado ndani ya nyumba.

Binti yako