Ukoko Wangu Umesifiwa Tabora

Wifi yangu Mwajuma, hujambo huko Ujiji? Mie mzima, ila joto la huku, acha tu.

Jana mwanao Zuhura alikalishwa mbele za watu hapa Isevya, wanamuuliza mambo ya riwaya zake. Vitabu gani anavipenda? Akasema vya watu wanaogombana halafu wanapatana. Muziki? Dansi la zamani, lile baba yake, marehemu kaka yangu, alikuwa akinyoa ndevu huku anacheza. Hapo nikalia kidogo. Mama mmoja akauliza, “Na chakula cha Idi?” Nikajua atasema pilau yako, nikainama zangu. Wee! Akasema, “Ukoko wa pilau ya shangazi Tatu.”

Ukoko wangu, wifi! Ule unaosema naunguza, mpaka siku hizi ikifika Idi unanipa vitunguu tu nimenye! Nikapiga vigelegele, ushungi ukadondoka.

Anayeniandikia hapa ni Zuhura mwenyewe, anacheka: “Shangazi, mama ataninunia.” Nimemwambia, anune tu. Idi hii napika mie, na ukoko nitakupakulia wewe kwanza, kabla ya wageni wote.

Mungu akutunze, mkorofi wangu.

Wifi yako, Tatu