Vumbi la Nyumba ya Dada Merle

Barabara ya Reli,
Ouyen, Victoria.
9 Septemba 1982.

Mpendwa mwanangu Garth,

Hamjambo huko Port Hedland? Yvonne anaendeleaje baada ya uzazi, na kichanga ananyonya vizuri? Nimefurahi kusikia mmemwita Heather. Mimi ni mzima wa mwili. Mvua bado hatujaiona, na ngano iliota kidogo kisha ikanyauka.

Barua yako imefika. Unauliza imekuwaje baba yako mdogo Clarrie, mtu wa kubeba magunia mchana kutwa, afe kwa nimonia upesi namna ile. Una haki ya kuuliza. Siku ya mazishi, kwenye simu, sikuwa na nguvu ya kukueleza, na mama yako, dada yangu Merle, alikuwa bado mahututi.

Unajua alivyoanza kufuga ndege. Malori yanamwaga ngano barabarani, kakatua, wale kasuku wa porini, wanaifuata, wanagongwa. Mtu akiokota ndege aliyevunjika bawa, anampelekea Merle. Mji mzima ulimwita mama wa ndege, nami nikajivunia. Lakini tangu baba yako afariki hakumwachia tena hata mmoja aende zake, hata waliopona.

Ulipokuja mara ya mwisho walikuwa kwenye banda la nyuma. Baadaye wakaingia chumba chako, kisha sebuleni, kisha chumbani kwake, naye akawa analala kitini jikoni. Magazeti yalitandikwa juu ya magazeti, na kinyesi kikakauka juu yake kama ukoko wa sufuria. Ukiingia tu, macho yanawasha na koo linakereka. Waliokufa walikaa humo na wazima.

Mume wangu Clarrie alikuwa akimtania, "Shemeji, hii nyumba ya nani, yako au yao?"

"Yao. Mimi mpangaji tu, na kodi inanishinda."

Tukacheka wote watatu, Merle huku akikohoa.

Mwezi wa Julai Merle alizidiwa, tukampeleka hospitali. Daktari Perera akamuuliza kama anafuga chochote. "Kasuku wawili tu, daktari, wa kunichangamsha." Nilikuwa nimesimama palepale. Alinikazia jicho nami nikanyamaza, maana aibu ya dada ni aibu yangu. Daktari akamtibu nimonia ya kawaida.

Clarrie akaona watu wa halmashauri wakiingia nyumba ile watamwaibisha mama yako mji mzima, kwa hiyo aisafishe kabla hajatoka. Aliwahamishia ndege bandani, akafunga madirisha majirani wasione, akashika koleo na ufagio. Akafagia pakavu. Umekulia hapa, mwanangu, unajua maji ya tangi ni ya kunywa, na mwaka wa ukame hakuna anayeosha sakafu. Jioni alirudi mweupe kwa vumbi toka nywele hadi viatu. "Coral," akaniambia, "leo nimekula ndege wote wa Merle bila kuchinja."

Haikupita wiki mbili akashikwa na homa, kichwa kikimgonga na pumzi zikimpaa. Hapo ndipo nilipomweleza daktari yote. Akasema ni homa ya kasuku, inatoka kwenye mavi ya ndege wagonjwa. Yakikauka na kufagiliwa huwa vumbi, na vumbi lile linashuka mapafuni. Ingetosha kulowesha sakafu na kufunga pua na mdomo. Dawa yake ipo, akawapa wote wawili siku ileile. Mama yako ikamfaa. Clarrie ilimkuta ameshakwenda mbali.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ugonjwa wa mume wangu ndio uliomponya dada yangu. Ndege walichukuliwa, wengi wakauawa kwa sindano, na nyumba imefungwa. Usije ukaifungua kwa kutaka vitu vyako vya utotoni, na mtoto asisogezwe hata getini.

Jumanne nilimwambia mama yako kuhusu Clarrie. Daktari alikuwa amenizuia mpaka apate nguvu, naye kila siku akilalamika kwamba shemeji amemsusa. Nilijua atalia, nikabeba na leso. Alitazama dirishani, kisha akauliza, "Hakumwaga maji kwanza?"

"Unasemaje, dada?"

"Bwana mmoja wa idara ya wanyamapori aliniambia, mwaka juzi. Mwaga maji kwanza, usifagie pakavu, utaugua. Nikamjibu, maji yenyewe yako wapi?" Akavuta blanketi. "Coral, ndege wangu nani anawalisha?"

Niliondoka bila kuaga.

Wiki ijayo wanamruhusu, na kila mtu hapa anasema, si ana dada yake. Chumba ninacho. Juzi nilikwenda kumtandikia kitanda, nikakaa na shuka mkononi mpaka chai ikapoa mezani, na kitanda hakikutandikwa. Simchukii, Garth. Amekuwa mgonjwa wa upweke kabla ya kuwa mgonjwa wa mapafu, nalijua hilo. Lakini alijua, akanyamaza, na Clarrie akaenda kufagia ili kumsitiri. Siwezi kukaa naye meza moja. Njoo umchukue mama yako.

Nisalimie Yvonne, na kaka yako Neville ukimwona. Mbusu Heather kwa niaba yangu. Mungu awakinge na kila baya na awape mvua kwa wakati wake.

Mimi mama yako mdogo, nikupendaye kama niliyekuzaa,

Coral