Jina la Mputu

Kamina, 9 Machi 2024

Nkambo yangu Élisa,

Makofi mawili. Tangu nitoke Bukama bado nayasikia: uliniona mlangoni nimevaa gauni, ukapiga makofi mawili ya polepole, ukaingia jikoni bila neno. Sijui kama ulikuwa unaniaga au unanipokea. Miguu inaendeleaje? Na kifua, baridi ya mtoni imekiacha? Mimi ni mzima, nafundisha, nakula vizuri.

Nakuandikia kwa jambo moja. Nimeomba tribunali ibadilishe jina langu. Kila ofisi wanasoma jina la mwanaume kwenye karatasi, wananitazama, wanasoma tena. Karani mmoja aliita wenzake waje waone. Wakili wangu, Maître Esdras, anataka barua ya mkubwa wa familia inayosema kwamba familia haipingi. Bila hiyo, anasema, hakimu atakataa. Mkubwa aliyebaki ni wewe tu.

Usihuzunike kwa ajili ya babu. Nicodème Mputu lilikuwa jina lake, ndiyo maana ulikuwa unaniita bwana wako na kunipa kichwa cha samaki. Ninalirudisha lote. Nitakuwa Kasongo Hadassa. Asante kwa kuniazima.

Mjukuu wako,
Hadassa

Kamina, 20 Aprili 2024

Nkambo,

Nakusalimu tena. Treni imeleta watu wa Bukama mara tatu, hakuna barua. Mama Jeannine, mke wa pasta wenu, amepita hapa akaniambia uko mzima, nimemshukuru Mungu. Tutasikilizwa tarehe 14 Mei. Hata kama jibu ni hapana, asante kwa kunilea. Naomba tu uniambie.

Mjukuu wako,
Hadassa

Bukama, 2 Mei 2024

Kwa mbanda yangu,

Jambo sana. Minyi niko muzima, miguu tu njo inakatala. Macho pia, njo maana Mama Jeannine anaandika. Anacheka, nimemwambia aandike na kicheko.

Nilikasirika. Haiko juu ya robe, ile gauni yako. Ile siku nilipiga mikono juu ya vile ulifanana na mama yako, sauti ikakatala kutoka. Nilikasirika juu uliandika unarudisha jina. Jina iko sufuria ya kuazima? Nani alikuambia Mputu iko jina ya mwanaume? Mputu alikuwa mwanamuke, nkambo ya babu yako. Aliuzisha samaki hapa Bukama, na ile mudomo yake, hata bazungu ba treni balikuwa banamwogopa. Babu yako alichukua jina yake, hakuna muntu alimucheka. Nicodème ya kanisa, tosha, tupa kule. Mputu, acha ibakie kwako.

Sielewe yote, mutoto. Mama Jeannine anasema niseme naelewa. Nimemwambia: weye andika tu. Lakini bajukuu banamuke bote ninabaitaka mbanda, muke mwenzangu, juu babu alikuwa anabaita bibi zake. Tunagombania bwana moja. Basi na weye. Lakini kichwa ya samaki ilikuwa ya bwana. Sasa utakula mukia!

Barua ya tribunali iko ndani, alama ya kidole yangu iko chini.

Mbanda yako,
Élisa

Kamina, 11 Mei 2024

Mbanda yangu,

Nakutumia dawa ya kupaka miguu; Mama Jeannine akukande jioni, na acheke kiasi chake. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi chini. Asante kwa Mputu. Asante hata kwa mkia. Miaka ishirini na minne nilidhani nabeba jina la mwanaume, kumbe nusu yake ilikuwa yangu tangu kuzaliwa.

Ombi langu la kwanza lilikuwa linamfuta Mputu, na kulirekebisha ni kuanza upya. Maître Esdras alishika kichwa: “Mademoiselle, siku tano zimebaki! Barua tunayo, tarehe tunayo. Huyo Mputu si utamkumbuka moyoni?” Alinionya pia kwamba ni miezi mitatu mingine ya kuitwa Nicodème mbele za watu. Nilifikiri juu ya hiyo miezi mitatu usiku kucha.

Jana asubuhi niliondoa ombi la kwanza na kuweka lingine: Kasongo Mputu Hadassa. Karani ameshagonga muhuri.

Mbanda yako,
Hadassa Mputu