Kikapu cha Jirani Kwenye Maji ya Moto

Mjukuu wangu Somoe,

Huku Nambilanje hatujambo, na mikorosho imechanua. Umeniuliza kama wenzako wa bwenini watakukubali.

Nilipohamia hapa na wazazi wangu, nikiwa msichana kama wewe, watu walipika ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye chemchemi ya maji ya moto. Kila mtu alitumbukiza kikapu chake, lakini alikula cha jirani. Mimi nilikuwa na mihogo tu, nikaogopa kikapu changu kitaachwa majini. Mara, ndani ya mvuke mweupe, mkono ukakiopoa.

"We mgeni, mihogo mitamu hivi! Mbona umeleta michache?"

Mwenye mkono ule amekaa hapa kando yangu, anakuchagulia ming'oko ya kukutumia. Anakusalimu.

Bibi yako