Neno la Kigiriki na Fisi wa Kizigua

Mkuyuni, Uluguru

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe na wote hapo nyumbani Uzigua. Je, goti lako limepoa? Mimi ni mzima, ila baridi ya milima hii huniamsha kabla ya kengele ya kanisa.

Mama, nusura nifukuzwe ualimu kwa kuwa fisi.

Alifariki mzee mmoja hapa kijijini. Unajua Waluguru ni watani wetu, lakini mimi nililelewa na masista, utani wa msibani sikujifunza. Nikasimama kaburini nikisali kimya. Jirani yangu, Mama Agata, akapaza sauti: "Mtazameni Mzigua huyu! Anasali au anapima nyama? Jana usiku kapita kwangu kwa miguu minne!" Wafiwa wakacheka huku wakilia. Padri wetu Mjerumani, ambaye bado mgeni, hakucheka.

Kesho yake akaniita. Mezani palikuwa na kitabu cha Kiingereza. "Waingereza wana neno la mtu kugeuka mnyama," alisema. "Therianthropy. Limetoka kwa Wagiriki: therion, mnyama wa mwitu, anthropos, mtu." Kisha akasema, kwa upole wa kutisha, kwamba wazazi wakiniogopa hawezi kuniachia shule ya wasichana.

Badala ya kujitetea, nikazama kuwaza. Nikamwuliza kwa nini Wagiriki walimtanguliza mnyama, mtu akafuata nyuma. Padri akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Nilitoka nikilia. Wasichana wangu ndio kwanza wameanza kusoma sentensi nzima! Nikamweleza Mama Agata yote. Akashika kiuno. "Kumbe hata Ulaya mafisi-watu wapo?" Akaniburuta hadi kwa Padri, wanawake wenzake nyuma yetu.

"Padri, huyu ni mtani wetu. Tunamtukana, naye atutukane. Ndiyo heshima yetu."

"Basi si fisi?"

"Fisi kabisa! Kwao wote ni fisi. Lakini ukimfukuza, nikifa atanitukana nani?"

Wote wakanigeukia, Padri naye. Mama, sijawahi kumtukana mtu mzima. Nikafumba macho: "Wewe, Mama Agata, hata kwa njaa ya Kwaresima sikugusi. Nani atafune kuni?"

Vigelegele! Mama Agata akanikumbatia. Padri akacheka mpaka akavua miwani, akaniambia nikapige kengele ya darasa.

Nisalimie baba, shangazi mfinyanzi, na kaka anayechunga mbuzi. Tena nakuomba, Mama, uniandikishie matusi mazuri ya kwetu uniletee upesi. Nilikuwa na moja tu, na Mama Agata ameshaanza kujibu.

Ni mimi mwanao,
Monika