Barua Isiyo na Muhuri

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua duka saa mbili. Umeme upo. Nimechapa barua nne, nimetoa nakala za vyeti. Saa nne nimefungua baruapepe ya Jenipha kama kila siku. Mdogo wangu yuko Keza kwa wakulima wa migomba, na mtandao wa huko ni mpaka upande kilimani, kwa hiyo nywila kaniachia mimi. Ameomba nafasi saba za uzamivu Ulaya. Nne wamemkataa. Tatu kimya.

Alhamisi, 6 Machi
Jibu. Profesa mmoja, mwanamke, anamwita Jenipha kwenye usaili wa video Jumatano ijayo. Utafiti wa mnyauko wa migomba. Athibitishe kabla Jumatatu haijaisha. Miaka minne, na watamlipa mshahara.
Mshahara wa kusoma. Nani anamlipa mtu asome?
Barua haina muhuri. Haina kumbukumbu namba. Miaka tisa nachapa barua za watu hapa Ngara. Hata ya kuomba kibali cha ngoma ina muhuri wa mtendaji. Sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeichapa, nimemwonyesha Baba. Kaigeuza nyuma, kaiinua juani. "Hii ni karatasi tu, mama." Tukamkumbuka yule mwalimu wa Kibimba. Aliacha kazi kwa barua ya Ulaya. Dalali aliyechukua pesa zake hajaonekana hadi leo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwandikia profesa kwa jina la Jenipha: naomba barua yenye muhuri. Kiingereza cha kidato cha nne, nimekisoma mara tatu. Tapeli atakimbia.

Jumapili, 9 Machi
Jenipha kapiga simu kutoka kilimani baada ya ibada. "Dada, bado hakuna kitu?" Nimesema hakuna.

Jumatatu, 10 Machi
Profesa amejibu. Kwao hawagongi mihuri. Katoa namba ya ofisi. Halafu kauliza: kwa nini wakulima wa Keza hawapitishi panga kwenye moto wanapotoka shina bovu kwenda zima? Hilo liko ukurasa wa tatu wa andiko la Jenipha. Nililichapa mimi. Tapeli hafiki ukurasa wa tatu.
Nimeitafuta kwenye kompyuta barua ya mwalimu wa Kibimba. Nakala niliyomtolea bado ipo. Mihuri miwili, wa bluu na mwekundu, imenyooka.
Nimempigia Jenipha mara kumi na mbili. Hapatikani. Nimethibitisha mwenyewe, nimefunga duka, nimepanda bodaboda hadi Keza kwenye mvua.
Kaisoma. Kaangalia tarehe. "Siku nne, dada."

Jumatano, 12 Machi
Usaili umefanyika dukani kwangu. Nimekaa nje mlangoni, narudisha wateja. Nimemsikia akicheka mara moja. Hakunieleza waliyomuuliza. Sikuwa na haki ya kuuliza.

Jumanne, 25 Machi
Amepata. Anaondoka Septemba. Barua kaileta kwenye flashi. Nywila kaibadilisha. Mpya sijapewa, na sijaiomba.
Nimemchapia Baba nakala. Katazama chini ya karatasi, panapogongwa muhuri, kisha akanitazama mimi. Nimegonga pembeni muhuri wa tarehe wa duka. Kaikunja, kaiweka ndani ya Biblia.
Nimefunga saa kumi na mbili.