Usukani Uliobadilishwa Bunda

Butiama, Jumamosi. Asubuhi mvua ilinyesha, sasa jua linachoma na matope ya uani yanatoa mvuke. Nina hasira. Nimejaribu kutafuta neno la upole zaidi, sijalipata.

Baiskeli yangu imekuja.

Mnaonisoma humu mtandaoni mnajua nilivyoisubiri. Niliichagua mwenyewe kwenye mitumba ya Bunda, baba akiwa amesimama pembeni. Ya bluu, tairi nyembamba, usukani umejikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Nilipoinama kuushika, mgongo ulilala wenyewe, nikajua ni hii. Baba alilipa, tukaiacha kwa muuzaji afunge mnyororo mpya. Baba mdogo, anayeuza dagaa hapohapo Bunda, akaahidi kuileta.

Leo ameishusha kwenye basi. Usukani umenyooka kama fimbo ya kuchungia ng'ombe. Nyuma imechomelewa keria ya nondo, ya kubebea magunia.

"Walikuuzia iliyogongwa, binti yangu," alisema, uso wote furaha. "Usukani ulikuwa umepinda kabisa. Nimekuwekea mwingine. Na keria nimekuongezea, maana mtoto wa kike anabebaga maji, anabebaga unga."

Majirani wakampongeza. Mimi nikapiga goti, nikasema asante, baba mdogo.

Hiyo asante inaniuma kuliko keria.

Jumatatu mwalimu wa michezo anachagua msichana mmoja wa kwenda kwenye mashindano ya baiskeli Musoma, na ameshasema hataki kuona baiskeli ya mizigo. Nimefanya mazoezi kwa baiskeli ya kuazima, nikiirudisha kila siku kabla mwenyewe hajaihitaji. Sasa nina ya kwangu, nayo ni ya kubebea unga. Kwa nini hakuniuliza? Namba ya mama anayo. Au kitu cha msichana kikiwa tofauti na walivyozoea, lazima kiwe kimeharibika?

Naacha kuandika. Naenda kumwambia.

Saa kumi jioni. Nimemwambia.

Alikuwa anakunywa chai na baba. Sikupiga goti. Nilisema, "Baba mdogo, haikuwa imegongwa. Ndivyo ilivyotengenezwa. Umeiharibu." Nilifika mwisho wa sentensi.

Aliweka kikombe chini. "Sasa mimi ningejuaje? Mtu gani anaendeshaga baiskeli ameinama kama anatafuta sindano?"

Baba alicheka. Mimi sikucheka.

"Mkisomeshwa mnakuwaga wagumu," baba mdogo akasema, hakuniangalia. Akachukua simu, akatoka nje. Nilidhani ameondoka kwa hasira. Kumbe alikuwa anampigia fundi wa Bunda aliyeibadilisha. Nilimsikia kupitia dirisha anafoka kwamba ule usukani wa zamani usiguswe, usiuzwe kwa watu wa vyuma chakavu, na kwamba kesho aje kazini hata kama ni Jumapili, kuna keria ya kukata.

Aliporudi ndani alimaliza chai yake. Hakuniomba msamaha. Na mimi sikumwomba.

Bado nina hasira. Nadhani na yeye anayo. Kesho baada ya ibada tunapanda basi la Bunda, mimi na yeye na baiskeli, na sijui tutaongea nini njia nzima.